Kabla Hamjatia Saini ya Ruta

Kama kikundi chenu kiko mbioni kuchukua intaneti ya mkataba kutoka mji wa Mbarara, ahirisheni kwa siku chache. Sisemi msiichukue. Vijana wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale wanasoma kwa mtandao, wanatafuta kazi za mtandaoni, wanaongea na ndugu walioko Norway na Kanada, na ruta moja inayowaka kutwa inaweza kuwa nafuu kuliko kila mtu kununua bando lake. Ninachoomba ni kwamba mtu asitie saini kabla hajajua atadaiwa kiasi gani siku ya kuacha, na atakayedaiwa ni nani.

Bei ya mwezi kila mtu huiuliza. Bei ya kutoka haiulizi mtu, na anayeuza hana sababu ya kuitaja. Itafute ndani ya karatasi, kwenye kurasa za nyuma, kwa Kiingereza cha mawakili na herufi ndogo. Katika mikataba mingi ya aina hii utakuta maneno yenye maana hii: mteja akisitisha huduma kabla ya muda kuisha, atalipa ada za miezi yote iliyobaki na kurudisha vifaa vikiwa vizima. Ni sentensi moja tu, nayo inaweza kumeza akiba ya kikundi ya mwaka mzima.

Kinachotuponza ni mazoea. Kambini na mjini, wote tumezoea bando. Bando likiisha limeisha. Hujalipa, hupati, na hakuna anayekufuata nyumbani. Mkataba hauendi hivyo. Hesabu yake inaendelea hata kama ruta imezimwa, hata kama betri ya sola imekufa na hakuna aliyefungua ukurasa hata mmoja mwezi mzima. Unadaiwa kwa sababu uliahidi miezi, si kwa sababu ulitumia.

Tuchukue hesabu ya mfano ili kila mtu aione. Tuseme tangazo linasema shilingi 100,000 kwa mwezi, kwa miezi 24, kufungiwa antena na ruta bure. Jambo la kwanza ni kuuliza kama kodi imo. Tangu Julai 2021, serikali ya Uganda ilipoondoa ile kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku, data ya intaneti inatozwa ushuru wa asilimia 12, kisha VAT ya asilimia 18 juu ya jumla hiyo. Kama kodi haimo, 100,000 inakuwa 112,000, halafu 132,160. Mko watu 12, kila mmoja anatoa kama 11,000. Inabebeka.

Mwezi wa tisa unaisha. Wanne wameondoka, wawili hawana tena uwezo. Sita waliobaki wanatakiwa kutoa zaidi ya 22,000 kila mmoja, kila mwezi. Wanakaa, wanakubaliana kuacha. Imebaki miezi 15. Kwa sentensi ile niliyoitaja, deni ni 132,160 mara 15, yaani shilingi 1,982,400. Gawa kwa watu sita, ni 330,400 kwa kila mmoja, kwa intaneti ambayo hawataitumia hata siku moja.

Mtu anaweza kusema hesabu hiyo ni ya kutisha watu, kwamba kikundi kizuri hakivunjiki mwezi wa tisa. Lakini sisi tunaijua Nakivale. Makazi haya yalianza kupokea watu mwishoni mwa miaka ya 1950, yana nyumba za tofali, masoko na watoto waliozaliwa hapa wakazaa hapa, na kwa kuyatazama tu mtu angesema watu wake hawahami. Wanahama. Aliye kwenye prosesi, yaani anayesubiri kuhamishiwa nchi nyingine, hapangi tarehe yake, hupangiwa. Januari 2025 Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, waliokuwa wamekwisha kufunga mizigo walibaki, na hesabu zote walizokuwa wamezipanga zikavurugika. Mei 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, kwa kukosa fedha, liliondoa wakimbizi wapatao milioni moja nchini Uganda katika orodha ya wanaopewa msaada wa chakula. Familia iliyopoteza posho ya chakula haitaendelea kuchangia ruta, wala hatuwezi kuilaumu. Wengine wanakwenda Kampala kutafuta kibarua, wengine wanarudi Burundi. Mwenye duka pale Kakoba au High Street, mjini Mbarara, anaweza kuahidi miezi 24 akiwa na uhakika wa kadiri. Kijana wa Base Camp au Juru, humu Nakivale, anayeahidi miezi 24 anaahidi kitu ambacho hakiko mikononi mwake.

Sasa nije kwenye jambo linalonifanya niandike kwa haraka hivi.

Kikundi hakitii saini. Anayetia saini ni mtu, ana jina, ana namba ya kitambulisho. Kama kikundi chenu hakijasajiliwa kisheria, basi mbele ya kampuni hakuna kikundi, kuna huyo mtu mmoja. Nyinyi 12 mlikubaliana kwa mdomo, mkaandika majina kwenye daftari la mweka hazina, mkapiga picha na ruta. Daftari hilo ni lenu. Kampuni ina karatasi yake, na karatasi hiyo ina jina moja. Mara nyingi huwa ni jina la yule anayejua Kiingereza kuliko wenzake, au mwalimu, au mtumishi wa kanisa, yaani mtu ambaye hakuna aliyemshuku na yeye mwenyewe hakujua kukataa.

Kibaya zaidi ni jina la kuazima. Tunakumbuka kilichotokea kwenye laini za simu. Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC, ilipokaza masharti ya usajili mwaka 2017 na vitambulisho vya taifa vikawa ndio mlango, wakimbizi wengi waliishi na laini zilizosajiliwa kwa majina ya Waganda. Ilikuwa Agosti 2019 ndipo UCC ilipoelekeza kwamba karatasi za wakimbizi zinazotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu, OPM, zikubaliwe kusajili laini. Tabia ya kuazima jina haikufa siku hiyo. Bado utasikia mtu akimwambia jirani yake, "Mzee, nisaidie na kitambulisho chako, ni usajili tu." Na jirani, mkulima wa matoke wa Isingiro ambaye amekaa na wageni vizuri miaka yote, anakubali kwa wema.

Kwenye laini ya kulipia kabla, wema huo ulikuwa na hatari zake, lakini haukuzaa deni la kila mwezi. Kwenye mkataba wa intaneti unazaa. Wakimbizi wote 12 wanaweza kuwa wameondoka, mmoja yuko Ohio, mmoja Kampala, mmoja Bujumbura, na simu za madai zikawa zinapigwa kwa yule mkulima ambaye hajawahi kuigusa ruta yenyewe. Akilipa, atalipa kwa ndizi zake. Na mwaka unaofuata, mkimbizi mwingine mwenye shida ya kweli akibisha kwake, atafungiwa mlango. Ndiyo maana nasema bila kuzunguka: usimwombe Mganda jina lake kwa ajili ya mkataba wa intaneti, na wewe Mganda unayesoma hapa, usilitoe, hata kama anayeomba ni rafiki wa kweli. Kama kampuni haikubali karatasi za mkimbizi, basi bidhaa hiyo haijatengenezwa kwa ajili yake. Anunue bando.

Kuna na hili la kidole. Wakala anakuja na kishikwambi, anapiga picha ya karatasi yako, anasema weka kidole hapa. Muulize, tena mbele ya shahidi, kama ni usajili wa laini au ni mkataba. Na ukitumiwa namba kwenye simu akakuambia umsomee, fahamu kwamba kumsomea kunaweza kuwa ndiko kukubali. Chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2011, makubaliano hayapotezi nguvu kwa sababu tu yamefanywa kwa njia ya kielektroniki. Simu ya mkopo nayo iko kwenye kundi hili hili: unatoa kianzio, unalipa kila siku au kila wiki, ukikosa simu inafungwa kutoka mbali na inabaki kipande cha kioo mkononi. Tofauti ni kwamba hasara ya simu unaiona siku hiyo hiyo. Ya ruta unaigundua ukiwa unataka kuondoka.

Sheria haijatuacha mikono mitupu, na watu wengi hawajui hilo. Uganda ina sheria ya zamani, ya tangu enzi za Waingereza, inayowalinda wasiojua kusoma. Kwa mujibu wake, asiyejua kusoma ni pamoja na mtu asiyeweza kusoma na kuelewa lugha ambayo hati husika imeandikwa. Kwa hiyo mwalimu kutoka Bukavu mwenye diploma yake, anayesoma Kifaransa na Kiswahili bila shida lakini Kiingereza kinampita, anaweza kuhesabiwa miongoni mwao mbele ya karatasi ya Kiingereza. Anayemwandikia hati mtu wa namna hiyo anapaswa kuandika jina lake kamili na anwani yake, na kufanya hivyo kunamaanisha kwamba hati ilisomwa na kuelezwa. Siahidi kwamba kila hakimu atautupa mkataba wako kwa hoja hiyo. Lakini una haki ya kusema dukani, "Boss, mimi Kiingereza sisomi. Nitafsirie hapa, na aliyenitafsiria aandike jina lake chini." Wakala mwaminifu hatakasirika.

Sheria ya pili ni ya Mikataba, ya mwaka 2010. Inasema kwamba pale mkataba unapotaja kiasi cha kulipwa mtu akiuvunja, mlalamikaji anastahili fidia ya kadiri, isiyozidi kiasi hicho. Maana yake kiasi kilichoandikwa ni dari, si lazima kiwe ndicho hakimu atakachotoa. Kampuni iliyorudishiwa antena na ruta nzima, ikamfungia mteja mwingine wiki ijayo, ina kazi ya kueleza kwa nini inastahili pia shilingi 1,982,400. Na madai yasiyozidi shilingi milioni 10 yana utaratibu wake maalumu mahakamani, ule wa madai madogo, ulioanzishwa kwa kanuni za mwaka 2011. Huko wakili haingii. Unasimama mwenyewe na karatasi zako.

Lakini kwenda mahakamani ni nauli, ni siku za kazi, ni kulala Mbarara. Ni bora vita hivi vipiganwe dukani, kabla ya kalamu.

Nitasema kwa haki: ada ya kuondoka yenyewe si wizi. Mtu amepanda juu ya paa lako, amefunga antena aliyoinunua kwa pesa, amekupa ruta bila kukudai siku hiyo. Ukiondoka mwezi wa pili, amepata hasara. Ninachopinga ni ada isiyo na uhusiano na hasara hiyo. Kanada walilitatua jambo hili kwenye simu za mkononi mwaka 2013. Kanuni yao inataka ada ya kuondoka mapema ihesabiwe kwa thamani ya kifaa ulichopewa, ipungue kwa kiasi kile kile kila mwezi, na isibaki kitu kufikia mwezi wa 24. Irudishe hesabu hiyo kwenye mfano wetu. Tuseme antena na ruta vina thamani ya 480,000. Kila mwezi thamani hiyo inapungua kwa 20,000. Ukiondoka baada ya miezi tisa, unadaiwa 20,000 mara 15, yaani 300,000. Ni maumivu, lakini watu sita wanaweza kuyabeba kwa 50,000 kila mmoja. Uganda hailazimiki kufuata kanuni ya Kanada, na wakala anaweza kukuambia hivyo. Hata hivyo mkataba ni makubaliano, na unaruhusiwa kuomba sentensi hiyo iandikwe kwa mkono pembeni, pande zote mbili zitie saini hapo.

Omba pia iandikwe kwamba unaweza kumkabidhi mtu mwingine mkataba ukihama. Kwa Nakivale hilo lina uzito kuliko punguzo lolote, kwa sababu anayeondoka mara nyingi anamwacha anayetaka. Uliza kama muda ukiisha mkataba unajirefusha wenyewe, maana mingine hujirefusha usipotoa taarifa, na taarifa yenyewe hudaiwa kwa maandishi, aghalabu siku 30 kabla. Na uliza inakuwaje huduma isipokuwepo. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima tangu jioni ya tarehe 13 hadi tarehe 18. Siku kama hizo zinalipwa na nani? Mnara ukiharibika wiki mbili hapa Rubondo, Nakivale, je, unaruhusiwa kuondoka bila ada? Kama karatasi haisemi, ifanye iseme.

Ukikataliwa yote, uliza kitu kimoja tu: wana huduma ya kulipia kabla, mwezi kwa mwezi, hata kama ruta unainunua mwenyewe? Ruta ya kununua inauma siku moja. Baada ya hapo ni yako, unaiuza au unaiacha kwa mdogo wako. Kwa mtu ambaye hajui atakuwa wapi Krismasi ijayo, mimi ningemshauri njia hiyo hata kama kila mwezi inamgharimu zaidi kidogo.

Waliokwisha kusafiri nao wana la kujua, kwa kuwa deni la namna hii wanalikuta huko pia, na huko linaweza kuingia kwenye rekodi ya mikopo na kumzuia mtu kupanga nyumba. Familia nyingi za kwetu hupokelewa mji mmoja wa Marekani, kisha baada ya miezi michache zinahamia jimbo lingine kufuata ndugu au kiwanda. Intaneti waliyofungiwa siku za kwanza inabaki nyuma na mkataba wake. Tangu Aprili 2024 kampuni kubwa za intaneti za Marekani, na tangu Oktoba mwaka huo hata ndogo, zinalazimika kuonyesha lebo inayotaja bei, muda wa mkataba na ada ya kuondoka mapema. Mwambieni ndugu aiombe lebo hiyo kabla ya kukubali, na siku ya kuhama apige simu kwanza kuuliza kama huduma inaweza kuhamishwa.

Kwa wale ambao saini imeshapita, msizime ruta na kunyamaza. Kunyamaza ndiko kunakoongeza miezi. Ombeni nakala ya mkataba kama hamna, maana wengi walipewa risiti tu. Tafuteni tarehe ya kuanza, muda, na kile kifungu cha kuondoka. Andikeni barua ya taarifa hata kama mlishasema kwa mdomo, muipeleke ofisini Mbarara, nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Rudisheni vifaa kwa mkono wenu, mvipige picha vikiwa mezani kwao, mpewe karatasi inayosema vimepokelewa vikiwa vizima. Kisha ombeni hesabu ya deni kwa maandishi, kifungu kwa kifungu, na mpendekeze kulipa thamani ya vifaa iliyobaki badala ya miezi yote. Kampuni nyingi hupenda kupata 300,000 leo kuliko kuwafukuza watu walio mabara matatu. Waliohama bado wana fungu lao: watumieni hiyo hesabu kwa WhatsApp, kila mmoja aone kiasi chake, na aliyetoa jina lake asiachwe peke yake.

Kama jina lililotumika ni la jirani Mganda, mwendeeni leo, kabla hajapigiwa simu. Mwelezeni yote, na mkikubaliana namna ya kulipa, liandikwe mbele ya mwenyekiti wa kijiji, LC1, na wa kamati ya wakimbizi, RWC, wote wawili.

Aliye kwenye prosesi asingoje tarehe ya ndege. Akishaitwa kwenye uchunguzi wa afya, aanze kufunga mkataba au kuukabidhi, kwa sababu wiki za mwisho hazina nafasi ya kwenda na kurudi Mbarara, na akishaondoka hana tena namna ya kusimama mbele ya kaunta.

Kampuni ikikataa kusikiliza, hatua inayofuata ni UCC, lakini wao watakuuliza kwanza kama umelalamika kwa kampuni yenyewe. Kwa hiyo lalamika kwa maandishi, uchukue namba ya lalamiko, uandike siku na jina la aliyekuhudumia. Simu ya bure ya UCC ni 0800 222 777. Unapopiga, uwe na mkataba mkononi, barua yenye muhuri, risiti za malipo yote na ile namba ya lalamiko. Kama Kiingereza kinakushinda, kaa na mtu anayekijua kabla hujabonyeza, na umweleze kisa chote kwanza.